Gunia Moja, Maneno Ishirini: Kujifunza Kiingereza kwa Mzizi "port"

Jumatatu moja jioni kijana mmoja aliingia darasani kwangu, hapa Nairobi, karibu na Jogoo Road, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Alikuwa amepata kazi ya stoo katika kampuni moja ya Industrial Area, na barua aliyopewa ilisema "report on Monday at 8 a.m." Neno "report" alilijua. Ripoti ameiona tangu utotoni: ile karatasi ya maksi ambayo mzazi hutia sahihi. Basi usiku wa Jumapili akakesha mezani akiandika ripoti ya kurasa tatu, kuhusu shule aliyosoma, vibarua alivyowahi kufanya na jinsi anavyoweza kupanga mali stoo. Asubuhi akamkabidhi msimamizi. Msimamizi akazigeuzageuza zile karatasi, akauliza ni za nini, na waliokuwa karibu wakacheka. Barua ilikuwa imemtaka afike tu, aseme amefika.

Kijana yule ana akili. Alichokuwa nacho ni maana moja ya neno, na Kiingereza hakimhurumii mtu mwenye maana moja, kwa sababu neno lile lile huvaa nguo nyingine kazini, nyingine mahakamani, nyingine hospitalini. Alichokosa ni mzizi. Tangu jioni ile niliacha kuwapa wanafunzi wangu orodha za maneno ya kukariri. Nawapa mzizi mmoja kwa wiki, na wa kwanza siku zote ni "port".

Ninachoeleza hapa ni namna tunavyofanya. Tafuta daftari ambalo hutaliandikia kitu kingine, kalamu mbili za rangi tofauti, kamusi ya Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno, na mfuko wenye uzito kidogo. Sisi hutumia gunia la viazi la kilo 10. Nusu saa kwa siku inatosha, na wiki moja ikiisha utakuwa umemaliza.

Hatua ya 1: Anza na mzizi wa lugha yako

Usifungue kamusi bado. Andika neno "chukua" katikati ya ukurasa, kisha lizungushie kila kilichozaliwa nalo: chukuliwa, chukulia, chukuana, chukuza, chukulika, mchukuzi, uchukuzi. Aliyepitia shule ya msingi Kenya amefanya zoezi la mnyambuliko mpaka usingizini. Watu wengi hudhani lilikuwa la kupitia mtihani wa Kiswahili tu, wakaliacha hapo. Mimi naona ndiyo silaha kubwa tuliyonayo tunapoingia katika lugha yoyote: tumelelewa tukijua kwamba neno lina kiini, na kiini hicho huongezwa kichwa na mkia.

Chini yake andika maneno mengine matatu: hamali, himili, stahimili. Haya yametoka Kiarabu, na yote yana herufi h, m na l, ambazo kwa pamoja hubeba maana ya kubeba. Hamali hubeba mzigo begani. Anayehimili hubeba uzito bila kuanguka. Anayestahimili hubeba taabu. Tazama jinsi maana ilivyotoka kwenye gunia ikaingia moyoni. Shika hilo, utalihitaji muda si mrefu.

Sasa geuza ukurasa na uandike "port". Kwa Kilatini, lugha ya Warumi, "portare" ni kuchukua, kubeba. Ni "chukua" yao.

Iliingiaje kwenye Kiingereza? Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi wakubwa wa nchi ile, katika ikulu na mahakamani, walizungumza Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Baadaye wasomi nao wakawa wanachota maneno moja kwa moja kwenye vitabu vya Kilatini. Sisi wa Kiswahili tunaielewa hali hiyo vizuri, maana Kiarabu kimekaa ndani ya lugha yetu hivyo hivyo. Na kama unadhani Kilatini ni kitu cha mbali, gusa meza uliyoegemea: Kiswahili kililipata neno hilo kwa Wareno, "mesa", nao walilirithi kutoka "mensa" ya Kilatini. Basi unalopanda asubuhi nalo ni hivyo. "Omnibus" kwa Kilatini ni "kwa ajili ya wote". Katika miaka ya 1820 Wafaransa waliyaita hivyo magari ya farasi ya abiria, Waingereza wakakata kichwa wakabakiza mkia "bus", nasi tukaumalizia kwa irabu yetu. Kila anayesimama stejini kungoja basi ana Kilatini mdomoni.

Hatua ya 2: Beba gunia

Hatua hii ndiyo kazi yenyewe, usiiruke kwa aibu. Chora mstari wa chaki sakafuni. Upande mmoja ni ndani, wa pili ni nje. Shika mzigo wako, na kwa kila kichwa cha neno fanya kitendo ukitamka neno kwa sauti.

Vuka mstari ukiingia na gunia: "import". Kichwa "im" ni "ndani". Umechukua kitu ukakileta ndani, ndani ya nchi. Nguo za mitumba zinazofunguliwa katika soko la Gikomba alfajiri ni "imports".

Vuka ukitoka nalo: "export". "Ex" ni "nje". Maua yanayopakiwa kwenye ndege pale uwanja wa ndege wa JKIA usiku, chai, parachichi, hizo ni "exports". Ukilichanganya hili na lile la kwanza katika fomu ya forodha utaeleweka kinyume kabisa, kwa hiyo rudia kuvuka mara tano, ndani na nje, mpaka mguu ukumbuke kabla ya kichwa.

Lichukue kutoka kona moja ya chumba hadi kona ya pili: "transport". "Trans" ni "ng'ambo", "upande wa pili". Tafsiri yake ya Kiswahili, uchukuzi, imejengwa kwa mantiki ile ile, kuchukua na kufikisha, na ndilo neno la wizara yetu. Mtu anayesema uchukuzi ameshasema nusu ya "transport" bila kujua.

Sasa mtu amshike mwenzake mkono amtoe mpaka nje ya mlango: "deport". "De" ni "kutoka", "mbali na". Ni kumwondoa mtu katika nchi. Neno hili hulifundisha kwa utaratibu, bila maigizo mengi, kwa sababu Nairobi ina watu waliokimbia makwao, na darasani kwangu wamekaa waliowahi kulala na hofu yake. Lakini hulifundisha. Mtu akikabidhiwa karatasi yenye neno hili ni lazima alielewe siku hiyo hiyo, asingoje kuulizia kwa jirani.

Weka gunia chini. Mtume mwenzako dirishani aangalie barabara, arudi aseme alichokiona. Amebeba nini? Habari. Ameipeleka wapi? Amerudi nayo. "Re" ni "nyuma", "tena", na "report" ni kurudisha habari kwa aliyekutuma. "Reporter", mwanahabari, ni mtu aliyetumwa na sisi wasomaji aende akaone, aturudishie. Hapo ndipo nilipomsimamisha yule kijana wa stoo. Nikamwuliza, kama ni kurudisha habari, mtu anayefika kazini siku ya kwanza anabeba habari gani? Akafikiri, akasema polepole, "Mwalimu, habari kwamba nimefika." Ndiyo hiyo. "Report to the manager" ni kujipeleka wewe mwenyewe na habari ya kufika kwako. Karatasi haitajwi popote.

La mwisho ni zito. Chuchumaa, bega liingie chini ya gunia, kisha inuka nalo taratibu kwa nguvu za miguu, kama wanavyofanya wachukuzi wa soko la Marikiti. Hapo ulipo, mzigo juu na wewe chini, ndipo "support" ilipo. Kichwa chake asili ni "sub", yaani "chini", "kutoka chini". Kusapoti ni kuingiza bega chini ya mzigo wa mtu ili usimwangushe. Nguzo ya nyumba hu-"support" paa. Mama anayelipa karo ya wajukuu hu-"support" familia. Na sasa rudi kwenye lile neno hamali na ndugu yake himili: Waarabu walitoka kwenye gunia wakaenda kwenye uvumilivu, na Warumi wakapita njia hiyo hiyo. Kiingereza kina "insupportable", jambo lisilostahimilika, ambalo hakuna bega linaloweza kuliinua.

Mama mmoja mwenye kibanda cha mboga aliinua lile gunia jioni moja, akabaki amesimama nalo, akasema, "Kumbe nimekuwa nikisapoti tangu 1998." Tulinyamaza kidogo. Neno ambalo amekuwa akilisikia kwenye redio na katika hotuba za wanasiasa lilikuwa limemfikia begani.

Hatua ya 3: Sikia herufi zinavyolainika

Utauliza, kama kichwa ni "in", kwa nini tunaandika "import"? Na kama ni "sub", mbona "support"?

Jibu unalo kinywani. Umoja wa mbao ni ubao. Ng'oa hiyo u ya mwanzo, weka n ya wingi, utapata "nbao", neno ambalo mdomo unalikataa. Midomo tayari inajifunga kwa ajili ya b, kwa hiyo n inageuka m: mbao. Ubavu, mbavu, hadithi ni ile ile. Warumi nao walikuwa na midomo kama yetu. "In" ikikutana na p au b hugeuka "im". "Sub" ikikutana na p huwa "sup". Andika kanuni hiyo kwa kalamu ya rangi ya pili, maana itakufaa katika mamia ya maneno, si haya tu. Utaiona "input" ikibaki na n yake. Hilo ni neno la Kiingereza chenyewe, limeunganishwa nyumbani, halikupitia Roma.

Jihadhari hapa na jambo moja. Kilatini kilikuwa na "in" mbili. Moja ni ya "ndani", ya pili ni ya kukanusha, na zote hugeuka "im". "Impossible" ni "isiyowezekana". Mwanafunzi akishajua hilo, akikutana na "important" hutaka kuifasiri "isiyobebeka". Siyo. "Important" ni ya ukoo wa "import": ni jambo linaloleta kitu ndani pamoja nalo, lenye matokeo, lenye uzito. Mimi hulieleza kwa neno letu "zito". Habari nzito ni "important news".

Hatua ya 4: Ongeza mikia

Hapa huenda haraka kwa sababu Kiswahili kimeshakufundisha. Mkia "er" au "or" hufanya kazi ya m yetu ya mtenda: mchukuzi ni "porter", mwenye kuingiza bidhaa ni "importer", shabiki anayesimama nyuma ya timu yake ni "supporter". Mkia "able" ni ile "ika" na "eka" yetu: kitabu kinasomeka, chakula kinalika, na jiko linalobebeka ni "portable". "Ation" hutengeneza jina la tendo, kama u yetu katika uchukuzi: "transportation", "importation", "deportation". "Ive" hueleza tabia, na mtu "supportive" ni yule ambaye bega lake liko tayari hata kabla hujaita. "Ee" ni mtendewa: aliyefukuzwa nchini ni "deportee". Ukiliona hilo "ee" utalitambua pia katika "employee", aliyeajiriwa, na "trainee", anayefundishwa kazi.

Kisha kuna ndugu wa mbali, ambao sura zao zimebadilika lakini damu ni moja. "Portfolio" ilipitia Italia: "portare" na "foglio", jani la karatasi, yaani mkoba wa kubebea karatasi. Ndiyo maana msanii ana "portfolio" ya michoro yake na waziri ana "portfolio" ya kazi zake; zamani vyote viwili vilikuwa karatasi ndani ya mkoba. Na "sport" ni kifupi cha "disport", kutoka Kifaransa cha kale, kumchukua mtu na kumweka mbali na shughuli zake. Mchezo ni kitu kinachokubeba kutoka kwenye mawazo. Ukimwona mtu amesahau kodi ya nyumba kwa dakika tisini akitazama mpira, unaelewa neno hilo lilizaliwaje.

Hatua ya 5: Hamisha mkazo

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuhamisha mkazo ili kubadili maana. Kiingereza huhamisha. "Import", "export" na "transport" zikiwa jina, kitu chenyewe, mkazo huwa mwanzoni: IM-port, EX-port, TRANS-port. Zikiwa kitendo, mkazo hurudi nyuma: im-PORT, ex-PORT, trans-PORT. "Report", "support" na "deport" hazihami. Zimekaza mwishoni popote zilipo.

Piga makofi. Kofi moja zito, moja jepesi. Tamka "the EX-ports" kisha "we ex-PORT". Fanya hivyo siku tatu mfululizo unapooga au unapopika. Hili jambo dogo limewasaidia wanafunzi wangu katika mahojiano ya kazi kuliko sarufi nyingi niliyowafundisha.

Hatua ya 6: Watenge wasio wa ukoo

Katika mji huu ukimwita kila mwenye jina Kamau kwamba ni ndugu mmoja utaaibika. Maneno nayo ni hivyo. Si kila lenye "port" ni mtoto wa "portare". Fungua sasa kamusi yako, tafuta mstari wa asili ya neno, na ugawe ukurasa mpya mara mbili.

Kundi kubwa la wageni hawa ni watoto wa "portus", bandari. "Port" ya Mombasa ni huyo, na "airport" ni bandari ya ndege. Kontena zinazoshushwa kwenye reli kule Embakasi huingia mahali watu wanapaita bandari kavu, na ukilifikiria jina hilo utaona linavyoeleza kazi ya mahali vizuri kuliko majina mengi rasmi. "Passport", pasipoti yetu, ni Kifaransa cha kupita bandarini: "passer", kupita, na "port". Watu wengi hudhani ni kitu cha kubeba ukipita. Ni kosa linaloeleweka, lakini ni kosa.

Mtoto wa bandari ninayempenda kuliko wote ni "opportunity". Mabaharia wa Kirumi waliita upepo unaovuma kuelekea bandarini "opportunus", kutoka "ob", kuelekea, na "portus". Upepo huo hauji kwa amri ya mtu. Ukija, chombo kikiwa tayari, kinaingia bandarini. Watu wa pwani ya Mombasa na Lamu wameishi kwa kaskazi na kusi, kwa hiyo hakuna haja ya kuwaeleza zaidi. Neno ambalo katika matangazo ya kazi limechakaa kwa kutumiwa, "job opportunity", ndani yake kuna tanga limejaa upepo. Wanafunzi wangu wakishalisikia hilo hawalisahau tena.

Kundi la pili ni la "porta", lango. "Portal" ni mlango, na leo hata mlango wa intaneti, kama ule wa serikali unaoomba cheti cha kuzaliwa au leseni kupitia kwake. Hapa kuna mtego mzuri sana: "porter" ni maneno mawili yaliyogongana. Mmoja, mbebaji wa mizigo hotelini au msukuma vitanda hospitalini, ametoka "portare". Mwingine, bawabu anayekaa langoni, ametoka "porta". Wanaandikwa sawa, wanatamkwa sawa, na huenda wote wawili wakawa kwenye jengo moja. Utawatofautisha kwa kazi wanayoifanya.

Wapo wengine wawili watatu wa kuwaweka pembeni haraka. "Portion", sehemu ya chakula, pamoja na "proportion", uwiano, wametoka "portio", fungu. "Portrait", picha ya mtu, ametoka katika kuvuta, kwa sababu mchoraji huvuta mistari.

Hatua ya 7: Andika safari ya robota

Mzizi usipotumika hukauka. Hii ndiyo kazi ya siku ya tano, na wanafunzi wangu huiandika wakiwa wamekaa kimya kabisa, jambo ambalo si la kawaida kwa watu waliotoka kazini.

Chagua robota moja la mitumba. Lifuate kutoka meli inapotia nanga Mombasa hadi shati moja linaponing'inizwa kwenye kibanda Gikomba. Andika kila hatua kwa sentensi moja ya Kiingereza, na kila sentensi iwe na neno moja la ukoo wetu. Nani ameliingiza nchini? Limefika Nairobi kwa njia gani? Reli ya kisasa imefanya kazi kati ya miji hii miwili tangu 2017, na ile ya kale ilifika hapa 1899, wakati mahali hapa palikuwa tambarare yenye majimaji, kwa hiyo una njia za kuchagua kulingana na mwaka unaoutaka. Nani amelibeba kutoka lori hadi kibandani? Biashara hiyo inamtegemeza nani nyumbani? Jioni mwenye duka anampa mwenye mali habari gani?

Mwanafunzi mmoja aliandika hivi, nami nikamwomba ruhusa ya kuliweka ubaoni: "Two porters carried the bale. It was heavy, but this bale supports nine people." Hakuna neno gumu hapo. Kila neno limekaa mahali pake.

Andika kwa mkono. Usitafsiri kutoka Kiswahili chako neno kwa neno, maana utapata Kiingereza chenye mifupa ya Kiswahili. Ona picha kwanza, gunia, bega, mlango, kisha tafuta neno linaloitosha. Ukimaliza, msomee mtu. Mtoto wa darasa la sita anatosha, na mara nyingi ndiye mkali zaidi.

Hatua ya 8: Funika, kumbuka, funua

Siku ya pili asubuhi, kabla ya simu, funika ukurasa kwa kiganja na ujaribu kuyataja maneno yote kwa kufuata vichwa: ndani, nje, ng'ambo, mbali, nyuma, chini. Rudia siku ya nne, ya saba, na baada ya wiki mbili. Yale yaliyokutoroka yaandike tena kwa rangi ya pili. Kusoma ukurasa ukiwa wazi hakufundishi kitu. Kunakupa raha ya kudhani unajua.

Ukiwa kwenye matatu, usome mabango. Barabara ya Mombasa na Industrial Area zimejaa "importers", "exporters" na "transporters" waliopakwa rangi ukutani. Hesabu mangapi utayapata kabla ya kushuka, na kila moja ujiulize ni la kubeba, la bandari, au la lango.

Hatua ya 9: Hamia mzizi wa pili

Usikimbilie mizizi kumi. Chukua mmoja, na uchague ule ambao Kiswahili kina pacha wake. Ninaoupendekeza baada ya "port" ni "mit", ambao katika majina hugeuka "miss". Kwa Kilatini "mittere" ni kutuma.

Andika "tuma" katikati ya ukurasa na uzungushe: tumwa, tumia, tumika, mtume, mtumishi, utume, tume. Simama kwenye hilo la mwisho. Tume ya uchaguzi kwa Kiingereza ni "commission", na "commission" ni "com", pamoja, na "mission", kutumwa: watu waliotumwa kwa pamoja wakafanye kazi. Aliyelichagua neno tume kwa ajili ya kazi hiyo aliona kilichokuwa ndani ya lile la Kiingereza, au alifika mahali pale pale kwa njia yake mwenyewe.

Vichwa vingi unavijua tayari. "Trans" ni ng'ambo, kwa hiyo "transmit" ni nini? "Sub" ni chini. Ukiambiwa u-"submit" fomu, unaituma wapi, na anayeipokea amekaa juu yako au chini yako? Geuza "mit" iwe "miss", ongeza mkia, na utazame "admit" ikizaa "admission" na "submit" ikizaa "submission".

Kichwa kipya cha kushika ni "per", kupitia. Yule mama wa mboga ana karatasi ya kaunti aliyoipachika ukutani kibandani, nyuma ya mizani, ndani ya nailoni ili isiloe. Juu yake limeandikwa neno "permit". Kwake ni kibali. Kwa mzizi wake ni kuachiwa kupita. Jumanne iliyopita alikuja darasani na ile karatasi yenyewe, ameitoa kwenye nailoni, akaiweka mezani karibu na daftari, akachukua kalamu ya rangi ya pili.